Mkebe Mmoja wa Chumvi

Mtu akikwambia hajui wivu ni nini, usibishane naye. Mwoze mke anayesoma masomo ya jioni, kisha kaa pembeni umngoje.

Baridi naye alikuwa akijisifu vivyo hivyo. Miaka yote aliyouza barafu za vijiti aliwacheka wanaume wanaowanyatia wake zao sokoni. "Mtu mzima unamchunga mtu mzima mwenzio," alikuwa akisema, "kwani ni mbuzi?" Watu wakicheka, wananunua. Jina la Baridi alipewa kwa ajili ya biashara yake, lakini lilimkaa hata kwa tabia, maana alikuwa mpole, mcheshi, mtu asiyepandisha sauti. Mkewe alimtania kwamba siku atakayokasirika, barafu zote za mji zitayeyuka.

Kazi aliifanyia uani. Asubuhi alileta mabonge ya barafu, akayaponda kwa nyundo yakiwa ndani ya gunia, akayamwaga katika beseni kubwa la bati na kuyanyunyizia chumvi. Katikati alisimamisha kalibu zilizojaa juisi, kila moja na kijiti chake, akawa anaikoroga ile barafu pembeni mpaka kalibu zikafanya ukungu mweupe. Chumvi aliipima kwa mkebe wa zamani wa nyanya, akaujaza na kuusawazisha kwa kidole, haupungui wala hauzidi. Mkewe alikaa upande wa pili wa beseni akikoroga naye, wakipiga soga mpaka saa ya yeye kwenda kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao, ukitaka kujua: watu wawili na beseni katikati, mikono inakufa ganzi, midomo haichoki.

Mkewe alikuwa mfagizi katika maabara ya hospitali. Alisugua sakafu, aliosha vichupa, alifuta meza ambazo wenzake walikaa kuzifanyia kazi za maana. Siku moja akasema anataka kusoma naye awe fundi wa maabara. Baridi akamwambia, "Soma, mke wangu. Nani amekuzuia?" Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hakukumbuka kwamba penye darasa pana mwalimu.

Wivu wake haukuanzia kwa mtu, ulianzia kwa neno. Wiki ya kwanza tu mkewe alirudi na neno molali. Alilitamka akivua viatu, akalitamka akiosha vyombo, na asubuhi, beseni likiwa katikati yao, akamweleza mumewe kwamba ile kazi anayoifanya kila siku ina hesabu yake, na molali ndiyo kipimo cha chembe zilizoyeyuka katika kilo ya maji.

"Maji matupu yanaganda penye sifuri," alisema. "Ukiyeyusha kitu ndani, chembe zake zinayazuia yasishikane. Basi yanataka baridi kali zaidi ndipo yagande. Na maji hayajali ni kitu gani umetia, mume wangu. Yanajali chembe ni ngapi."

"Hayajali?"

"Hayajali. Sukari, mbolea, chumvi, yote mamoja. Unahesabu chembe tu. Ila chumvi ni mjanja, ikiingia majini chembe moja inapasuka inakuwa mbili, kwa hiyo unahesabu mara mbili. Mwalimu anasema hapo ndipo wengi wanapoanguka."

Mwalimu anasema. Baridi aliendelea kukoroga. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akitia chumvi bila ruhusa ya mtu, na barafu zilikuwa zikiganda bila malalamiko. Leo imekuwa chumvi inapasuka, na aliyeamuru ipasuke ni mwalimu.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Molali, kwa kuwa lile neno halikumbanduka kinywani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono yake ina makali, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ukitaka kumsikia lazima umsogelee. Baridi alipata habari zote hizi kwa dada yake, msusi, ambaye saluni yake ilitazamana na lango la ile shule ya jioni. Dada hakuficha hata lile la mwisho, kwamba mwalimu hana mke.

"Nakwambia tu ujue," dada alisema, huku akimsuka mteja. "Sijasema kuna kitu."

"Kama hakuna kitu unaniambia ya nini?"

"Umeniuliza, mdogo wangu. Umesimama mlangoni kwangu tangu asubuhi, unanifukuzia wateja, unauliza shati lake la rangi gani." Akavuta uzi, akamwangalia. "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Na wewe mwili wenyewe wa kukonda huna."

Mteja akacheka. Baridi akaondoka na mkokoteni wake, na siku hiyo akawapa watu wawili chenji zaidi ya haki yao.

Halafu likaja la mkebe. Mkewe aliubeba mkebe wa chumvi kwenda nao darasani bila kumwambia, akarudi nao jioni anacheka peke yake. Alikuwa ameujaza chumvi kama mumewe anavyoujaza, akaipima kwenye mizani ya maabara. Gramu mia na kumi na saba.

"Moli mbili kamili," alisema, akauweka mezani kama kikombe cha ushindi. "Moli ni fungu la chembe, kama dazeni ilivyo fungu la vikombe. Mkebe wako una moli mbili, hauna upungufu, kana kwamba waliutengeneza kwa ajili hiyo. Mwalimu alicheka, akasema nikuletee salamu."

"Aliucheka mkebe wangu?"

"Alifurahi, Baridi. Alifurahi kwamba hesabu imetoka."

"Umechukua kitu changu ukampelekea mwanamume mwingine akakicheke."

Mkewe alimtazama aone kama anatania. Alipoona hatanii, uso wake ukajifunga, akaenda kuosha mikono. Tangu siku hiyo Baridi alikuwa na dawa yake. Mkewe akianza tu kusema "leo darasani," anainuka kuongeza sauti ya redio. Akisema "mwalimu," anakumbuka gunia uani. Akawa fundi wa kutosikia, na asubuhi watu wawili wakakoroga barafu bila soga, kila mtu anatazama upande wake wa beseni.

Usidhani hakuteseka. Aliteseka vibaya. Akiwa barabarani na mkokoteni aliwaona wawili hao vichwa vimeinamia gilasi moja. Akilala alisikia ile sauti ya chini ambayo hajawahi kuisikia. Alijua mkewe si mtu wa mambo hayo, alijua kama anavyojua jina lake, na bado moyo ulikuwa unamla. Mke wake alikuwa akiwaka kwa jambo ambalo si yeye aliyeliwasha. Hilo ndilo hakuweza kulimeza.

Basi siku moja mkewe akamwambia kwamba shule inahitaji barafu na chumvi. Wanafunzi watakuwa wanagandisha miyeyusho na kupima nyuzi zake, na shule haina jokofu. "Nimemwambia mwalimu mume wangu ndiye mwenye kazi hiyo," alisema. Aliliomba kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha ndoo iliyojaa.

Baridi akakubali mara moja, hata mkewe akashangaa. Alikuwa amepata kibali cha kuingia kwenye shimo la simba mchana kweupe.

Alichokiona huko kilimmaliza. Hakukuwa na kitu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti virefu, ubao, harufu ya spiriti, na wanafunzi watu wazima saba wamefunga aproni. Mwalimu Molali alimpokea kwa mikono miwili, akamwita ndugu yangu, akamshukuru kwa barafu mara nyingi kuliko barafu yenyewe ilivyostahili. Kisha akapita meza kwa meza. Alipofika kwa mke wa Baridi, mwalimu alisimama umbali wa heshima, akatazama kazi yake, akasema kwa ile sauti ya chini, "Sawa kabisa."

Mkewe akacheka. Hakumtazama hata mwalimu. Aliitazama namba aliyoiandika, akacheka nayo, na uso wake ulikuwa ule ambao Baridi aliuona mara ya mwisho siku walipopata chumba chao cha kwanza. Baridi akapangusa mikono kwa gunia, akatoka nje kuvuta pumzi. Laiti angemkuta mwalimu ameshika mkono wa mtu, angekuwa na la kufanya. Sasa atamgombeza nani, namba?

Kwa kuwa huwezi kuipiga namba, alimchagua mwalimu.

Ilikuwa wakati wa chakula, redio inaunguruma, mkewe aliposema mkaguzi kutoka chuo cha mafundi wa maabara anakuja siku ya Alhamisi. Baridi alisikia mkaguzi, akasikia Alhamisi, akasikia mwalimu ana hofu. Mengine yaliyofuata yalizama kwenye taarifa ya michezo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe. Mkewe alinyamaza katikati ya sentensi, akamaliza chakula chake.

Alhamisi Baridi alifika na barafu mapema. Maabara ilikuwa imefagiliwa, gilasi zimepangwa, na mezani pa mbele palikuwa na dumu jeupe la lita kumi, limejaa mpaka shingoni. Mwalimu Molali alikuwa amevaa tai. Jasho lilimlowanisha kola.

"Ndugu yangu, Mungu akubariki," alisema. "Hilo dumu ni maji matupu, nimeyachemsha na kukusanya mvuke wake siku mbili nzima. Hayana hata punje ya kitu. Nakuomba unishikie chumba, nikampokee mgeni langoni. Watoto wanaosoma hapa mchana wasije wakaliingizia mikono."

Akatoka, akamwachia chumba. Baridi akabaki na dumu, gunia la chumvi na mkebe.

Hakufikiri sana, na hiyo ndiyo shida ya wivu, unafikiri mwezi mzima mpaka siku ya kufikiri umeishiwa. Alitaka jambo dogo tu. Alitaka mkaguzi aone majibu yamekwenda mrama, amuulize mwalimu, na mwalimu akose la kusema mbele ya wanafunzi wake, mbele ya mmoja wao hasa. Mkono wake ukajaza mkebe, kidole kikausawazisha kwa mazoea. Akaumimina dumuni, akafunga kifuniko, akalilaza na kulitikisa mpaka alipoona maji yametulia meupe kama mwanzo. Chumvi ikishayeyuka haina sura. Akalisimamisha, akafuta meza kwa kiwiko.

Wanafunzi waliingia, kisha mwalimu, kisha mkaguzi. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, asiyetabasamu ovyo. Baridi alisimama nyuma karibu na beseni lake la barafu, akingoja mwenzake aumbuke.

"Nadhani mwalimu wenu amewaeleza," mkaguzi alisema, "lakini narudia ili asitokee wa kulalamika. Chuo kina nafasi moja kwa darasa hili. Miaka miwili, kulala huko huko, mji mwingine. Kila mmoja atapewa gramu kumi na nane za unga mweupe, na gramu mia moja za maji kutoka dumu hilo. Yeyusheni, gandisheni, pimeni nyuzi za kuganda, mnipe uzito wa moli moja ya unga huo. Nitamchukua mmoja leo hii."

Hili ndilo lililokuwa limezama kwenye taarifa ya michezo. Alimtafuta mkewe kwa macho, naye alikuwa ameinamia meza, anapangusa kipimajoto kwa pindo la aproni.

Mchuma janga hula na wa kwao. Alikuwa amelijua neno hili tangu utoto na hakuwahi kulitafuna mpaka siku hiyo. Angeweza kusema pale pale. Angesema tu, mama, maji hayo yamwageni. Alifungua kinywa mara mbili. Lakini mwalimu alikuwa amesimama pale na tai yake, na Baridi akajiona anavyoungama mbele ya mtu yule, na kinywa kikajifunga chenyewe. Hata wakati huo, mkewe anazama, wivu ulikuwa na nguvu kuliko yeye.

Aliyemaliza kwanza alikuwa mhudumu wa duka la dawa, mtu mwepesi wa mkono. Alisoma kipimajoto, akapiga hesabu, akaenda mbele na jibu lake, mia na ishirini na tisa. Mkaguzi akatazama karatasi yake, akaliandika. Wa pili akaleta mia na ishirini na nane. Wa tatu mia na thelathini. Kalamu ya mkaguzi ikapunguza mwendo. Mwalimu Molali aliyaona majibu hayo kwa mbali na rangi ya uso wake ikabadilika, maana unga alikuwa ameuchagua mwenyewe na alijua unastahili kuwa mia na themanini. Baridi alikuwa amepata alichokitaka, na hakikuwa na ladha yoyote.

Mkewe alikuwa bado hajaanza.

Hapana, alikuwa ameanza, lakini si na unga. Gilasi yake ilikuwa na maji peke yake, yametiwa kwenye barafu ya mumewe, kipimajoto ndani. Mhudumu wa duka la dawa akamnong'oneza jirani yake kwamba yule mama amesahau kutia unga. Wakacheka kidogo. Yeye hakugeuka. Aliyagandisha, akasoma, akayayeyusha kwa kiganja, akayagandisha tena, akasoma tena. Kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Maji haya si maji."

Mkaguzi akavua miwani. "Unasemaje?"

"Mwalimu alitufundisha, kabla ya kupima kitu pima maji yenyewe. Maji matupu yalitakiwa kuganda penye sifuri. Haya yanaganda chini yake, kama robo tatu ya nyuzi moja, kasoro kidogo. Kuna kitu kimeshayeyuka ndani."

"Njoo ubaoni."

Akaenda. Aliandika kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika kwa utulivu. Moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji hushusha nyuzi moja na pointi themanini na sita. Hapa zimeshuka pointi sabini na nne, kwa hiyo chembe ni pointi nne za moli kwa kilo. Dumu ni lita kumi. Jumla moli nne za chembe.

"Nne za nini?" mkaguzi aliuliza.

"Hesabu haisemi ni za nini, mama, inasema ni ngapi. Lakini tunaweza kukisia. Ingekuwa sukari ya mezani, ingetakiwa kilo moja na theluthi, na mtu angeonekana akiibeba. Ingekuwa chumvi, inapasuka mara mbili, kwa hiyo ni moli mbili tu za chumvi." Chaki ikakimbia. "Mbili mara hamsini na nane na nusu. Ni gramu mia na..."

Aliandika mia na kumi na saba. Kisha mkono wake ukabaki ubaoni, haushuki.

Baridi alimwona kwa mgongo tu, na mgongo ulimtosha. Aliona mabega yakisimama. Mkewe hakugeuka kumtazama, hakuwa na haja. Kulikuwa na mkebe mmoja tu duniani alioupima kwa mikono yake mwenyewe na kumletea mumewe akicheka.

"Gramu mia na kumi na saba za chumvi," mkaguzi alisema. "Zimeingiaje?"

Mwalimu Molali akasogea mbele haraka. "Kosa ni langu, mama. Chumba hiki ni changu na maji ni yangu. Lazima nilitumia dumu lisilooshwa vizuri. Niandikie mimi."

"Nitakuandikia, usijali," mkaguzi akajibu, na akaandika kweli. Akamgeukia mkewe Baridi. "Na wewe? Unajua zimeingiaje?"

Mke akaiweka chaki chini. Barafu ilisikika ikijikunja ndani ya beseni.

"Nimesema hesabu inaniambia ngapi," mke akajibu hatimaye. "Haijaniambia nani."

Mkaguzi akarudisha miwani. Akamwambia amalize. Mke akatia unga wake katika maji yale yale, akagandisha, akapata nyuzi mbili na pointi sita chini ya sifuri. Akatoa sehemu ya chumvi, akabaki na moja na pointi themanini na sita, na unga ukatoka mia na themanini.

"Nitawaambia ukweli," mkaguzi alisema akikusanya karatasi. "Maji yangekuwa safi, nyote mngenipa jibu moja, na mimi ningemchukua yule aliyemaliza kwanza. Huyo angekuwa ndugu huyu wa duka la dawa. Sasa nimeona mambo mengine." Akamwambia mkewe Baridi masomo yanaanza mwezi ujao.

Wenzake walimpongeza, hata wa duka la dawa, kwa shingo upande. Mwalimu Molali alimpa mkono, na macho yake yalikuwa mekundu. Baridi alipakia beseni, gunia na mkebe kwenye mkokoteni. Kila alichokishika kilikuwa kizito.

Walirudi nyumbani pamoja, yeye akisukuma, mkewe akitembea kando. Walipita mbele ya saluni. Dada yake akatoa kichwa aulize ilikuwaje, akawaona nyuso, akakirudisha ndani. Walifika hadi kwenye lango la ua wao, na pale mkewe akasimama.

"Ulijua kuna nafasi?" aliuliza.

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Nilikwambia."

"Redio ilikuwa..." Akaacha. Hata yeye aliona aibu kuimalizia.

"Kwa hiyo hukutaka kunizuia mimi."

"Wewe? Hapana, mke wangu. Nilitaka yule mtu akose la kusema siku moja. Kila siku mwalimu anasema, mwalimu anasema. Nilimwonea wivu. Nimekonda kwa wivu, waulize watu. Nilikuona unavyocheka pale mezani kwako. Nyumbani huchekei kitu tena."

"Nilileta kicheko hicho hicho nyumbani kila jioni," mkewe alisema. "Wewe ukawa unaongeza redio."

Baridi alishika mpini wa mkokoteni kana kwamba utamkimbia.

"Yule bwana ameandikiwa kosa lake la kwanza tangu aanze kazi," mkewe aliendelea. "Alikuachia chumba, ukakifanyia hivyo. Kesho utakwenda kumwambia kwa mdomo wako. Mimi sitakusindikiza."

"Nitakwenda."

"Na nikwambie jambo lingine, ulijue." Hakuwa na hasira sasa, na Baridi angeilipia hasira hiyo kwa kitu chochote. "Nilikuwa nimeshaamua. Nikichaguliwa, nakataa. Miaka miwili mbali na wewe niliiona mingi. Nilitaka tu kujua kama ninaweza, kisha nirudi tukoroge barafu yetu, nitafute chuo cha karibu, hata kama nitachelewa. Nilikuwa nikuambie leo jioni."

Alitumbukiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua lango. Baridi alimwona akiingia.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa nakwenda."

Alisukuma mkokoteni mpaka uani, akausimamisha mahali pake. Mkewe alikuwa tayari ndani, anashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Baridi alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mgeni aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga.

"Utarudi?"

Mkewe akalifuta sanduku vumbi kwa kiganja, kwanza juu, kisha pembeni.

"Hilo sijalipigia hesabu," alisema.